Sato wa Jumamosi, wapishi wanne na friza moja

Sato aliyewekwa mbele yangu Jumamosi iliyopita nilimfahamu. Pezi lake la mkia lilikuwa na pengo upande wa chini, mahali uzi wa wavu ulipolila, na alfajiri ya Alhamisi ni mimi niliyemtoa kwenye ndoo kule soko la samaki la Kirumba Mwaloni, Mwanza, nikampima pamoja na wenzake 18. Alhamisi alikuwa na jicho lililotuna na matamvua mekundu kama nyanya mbivu. Jumamosi saa moja usiku alikuja amekaangwa akapendeza, kachumbari pembeni, limao juu, ugali wa moto. Nikammega mgongoni. Nyama ikaachia mfupa kabla sijaivuta, laini kama uji, na chini ya limao nikasikia ile harufu ambayo mtu wa samaki hadanganyiki nayo.

Nikanawa mikono, nikasogeza sahani.

Nauza samaki huu mwaka wa 14. Napeleka sato na sangara kwenye migahawa sita ya ufukweni, na huu ni mmojawapo. Kwa hiyo haya ni maoni ya mteja aliyelipa kwa pesa yake, na ni maoni ya mtu anayejua samaki alikuwa na hali gani alipovuka mlango wa jiko. Jina la mgahawa nimeliacha, kwa sababu mwenyewe nimeshamwambia yote haya usoni na bado namsubiri.

Nianze na yanayostahili sifa, maana yapo. Ni bodaboda ya shilingi 1,000 kutoka Mwaloni. Kuna meza za nje chini ya makuti, na ndani kuna ukumbi wenye runinga tatu kubwa ambapo hata aliyekaa nyuma kabisa anasoma namba za jezi. Siku ya mechi hakuna kiingilio, ila ununue kitu. Vyoo vina maji saa zote, na mama aliyetoka na watoto anajua hilo lina thamani gani. Maji ya kunawa yanakuja ya moto bila kuombwa. Sato mzima na ugali ni shilingi 12,000, sangara wa mchuzi 8,000, dagaa wa kukaanga na ugali wa muhogo 4,000. Ukikaa meza ya mwisho upande wa maji, jioni unaona mitumbwi ya dagaa ikitoka. Jumamosi ile mwezi ulikuwa umeanza kuchelewa kuchomoza, kwa hiyo walikuwa wanatoka wengi, taa moja baada ya nyingine mpaka ziwa likawa kama mtaa. Sijaona mahali pengine Mwanza pa kukaa jioni panaponipendeza kuliko hapo.

Na dagaa wa hapo ni watamu siku zote, awe anapika nani. Dagaa ni wakavu, hawalazwi kwenye friza.

Tangu mgahawa ufunguliwe, mwaka juzi mwezi wa tatu, nimepokelewa samaki jikoni na wapishi wanne. Wa kwanza alikuwa mama wa Kihaya, sato wake wa kuchemsha na ndizi nilikuwa nambebea mume wangu nyumbani. Aliondolewa baada ya kikundi cha watu wa harusi kulalamika kwamba samaki ananuka. Wa pili kijana wa Musoma, mikono myepesi, aliweza kupara sato kumi huku anaongea na wewe. Miezi minne. Wa tatu aliletwa kutoka hoteli moja ya Dar es Salaam kwa mshahara uliosemwa mpaka mwaloni tukausikia, akaja na kofia ndefu nyeupe, akabadilisha karatasi ya vyakula yote. Miezi mitatu na siku chache. Sasa yupo binti wa Ukerewe, miaka 24, ambaye kwa kweli ndiye fundi kuwashinda wote watatu. Anajua kukata mistari ya sato ili chumvi ifike kwenye uti, na mafuta yake hayaungui.

Niliposogeza ile sahani nikaenda jikoni.

"Shikamoo mama."

"Marahaba. Huyu samaki amelala wapi?"

Hakujibu. Alifuta mikono kwenye kanga aliyojifunga, akanipeleka nyuma, akafungua friza. Friza ni kubwa, ya kifuniko cha juu. Mpira unaozunguka kifuniko umechanika upande wa kulia, kama shibiri mbili, na mahali pa mpira mtu amefunga kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekazwa kwa waya. Tyubu yenyewe imekauka, ina nyufa. Niliweka kiganja pale nikahisi ubaridi unavuja. Ndani kulikuwa na maji mekundu chini, yameganda nusu, na samaki wa juu walikuwa wanabonyea.

"Inazimwa saa nne usiku," akasema. "Luku isiishe. Inawashwa asubuhi nikija."

"Umemwambia bosi?"

"Nimemwambia mara mbili, mama. Kaka aliyenitangulia naye alimwambia. Naogopa nikisema mara ya tatu nitaonekana mkorofi."

Nilisimama pale nikikumbuka kwamba yule mama wa Kihaya naye aliniambia habari ya mpira wa friza, na yule kijana wa Musoma ndiye aliyefunga tyubu kwa mikono yake, kwa pesa yake. Wapishi wanne wamesimama mbele ya friza hiyohiyo. Watatu wameondoka wakiwa na jina la kuharibu samaki, na jina hilo linatembea: kijana wa Musoma alikosa kazi mgahawa mwingine ninaopeleka samaki kwa sababu habari ilimtangulia.

Mwenye mgahawa ni mtu mkarimu, sitamsema vibaya kwa tabia. Ananilipa kwa wakati, ananiita mayu, yaani mama kwa Kisukuma, na mwaka jana nilipofiwa alikuja. Ana duka la vifaa vya ujenzi mjini na ni Chelsea wa damu. Jumamosi ile alikuwa amekaa mbele ya runinga na marafiki zake, na mazungumzo yalikuwa ya makocha, maana ilikuwa siku chache baada ya Chelsea kuachana na Enzo Maresca tarehe 1 Januari 2026 na Manchester United yangu kumfukuza Ruben Amorim tarehe 5. Siku tano, timu mbili kubwa za Uingereza, zote zimeondoa kocha. Nikavuta kiti.

"Bosi," nikamwambia, "samaki wangu ameharibika."

"Pole sana mayu. Huyu binti naye nimemchoka. Kuna mpishi mmoja wa hotelini nimeanza kuongea naye."

"Wa tano?"

"Kazi ni kama mpira, mayu. Matokeo. Asiyeleta matokeo ampishe mwenzake. Abramovich aliichukua Chelsea mwaka 2003, alifukuza kila mtu, na makombe yote tunayo."

Sasa hoja hiyo naiheshimu, kwa sababu ina ukweli ndani yake na mashabiki wengi wanaishi nayo. Machi 2012 Chelsea ilimfukuza kocha André Villas-Boas, ambaye miezi isiyofika tisa kabla ya hapo walikuwa wamewalipa Porto euro milioni 15 ili wamchukue. Roberto Di Matteo akashika timu, na Mei wakabeba Ligi ya Mabingwa Ulaya kule Munich. Januari 2021 wakamtoa Frank Lampard, akaja Thomas Tuchel, Mei wakabeba tena. Shabiki wa Chelsea akikuwekea hayo mawili mezani, unanyamaza kidogo.

Lakini endelea kuhesabu. Di Matteo aliyewaletea kombe Mei, Novemba mwaka uleule alifukuzwa. Carlo Ancelotti aliwapa ligi na Kombe la FA msimu mmoja, 2010, mwaka uliofuata akaondolewa siku ya mechi ya mwisho ya msimu, akiwa bado yuko uwanjani kwa Everton. Tuchel naye, timu ilipouzwa mwaka 2022 kwa kundi la Todd Boehly na Clearlake Capital, alifukuzwa Septemba, baada ya usajili wa mamilioni kufanyika. Akaletwa Graham Potter kwa mkataba wa miaka mitano. Hakumaliza miezi saba. Msimu huo waliokaa benchi la Chelsea kama makocha ni wanne, Tuchel, Potter, Bruno Saltor wa mechi moja, na Lampard aliyerudishwa, na timu ikamaliza ya 12. Kama ni kocha ndiye tatizo, watu wanne wote walikuwa wabaya kwa mwaka mmoja? Na aliyewachagua watatu waliomfuata Tuchel ni nani?

Nilimuuliza hivyo. Akasema, "Mayu, mwenye pesa ana haki ya kujaribu."

Haki anayo. Mimi ninachodai ni hesabu ya majaribio, isomwe kwa jina lake yeye. Na hapo nikamsimulia habari ya baba yangu, ambayo si kila mtu namsimulia.

Baba alikuwa nahodha wa mtumbwi wa dagaa kwenye kambi moja ya visiwa vya Ukerewe. Mtumbwi, wavu na karabai vilikuwa vya tajiri aliyekaa mjini. Dagaa, kwa asiyejua, wanavuliwa usiku kwa taa. Unawasha karabai juu ya maji meusi, dagaa wanakusanyika kwenye mwanga, unawazungushia wavu. Mwezi ukiwa mpevu ziwa lote lina mwanga, taa yako haina maana kwao, na mnaweza kukesha mkarudi na ndoo mbili. Ndiyo maana wavuvi wanahesabu mwezi kwa giza na mbalamwezi, na siku za mbalamwezi watu wanashona nyavu, wanalala, wanakwenda kusalimia nyumbani. Mwaka ule wavu wa baba ulikuwa umechoka, una matobo ambayo uzi haushiki tena. Aliomba wavu mpya mara tatu kwa watu waliokwenda mjini. Tajiri akaja mwenyewe, na alikuja siku za mbalamwezi. Akaona magunia matupu. Akamwondoa baba palepale, mbele ya vijana wake, wengine aliowafundisha kupiga kasia.

Nahodha mpya alifika baada ya siku tisa. Giza lilikuwa limeingia. Alikuja na wavu mpya, ule aliouomba baba. Usiku wa kwanza walijaza mtumbwi, na asubuhi tajiri akasimama ufukweni akawaambia watu kwamba yeye ana jicho la kuchagua mtu. Nilikuwa na miaka 11, nimebeba ndoo, namsikia. Jioni nilimkuta baba amekaa nyuma ya nyumba, hana kitu mkononi, akaniambia neno moja tu: "Wavu ule niliuomba mimi."

Ilipofika mbalamwezi ya tatu, yule nahodha mpya naye akaondolewa.

Kuna mwalimu wa sekondari anakula pale karibu kila Jumamosi, alisikia nikisimulia akaongeza kitu ambacho tangu hapo sijakiacha. Alisema mchumi mmoja Mholanzi, Bas ter Weel, alichukua ligi ya Uholanzi kuanzia mwaka 1986 hadi 2004, akalinganisha timu zilizofukuza kocha katikati ya matokeo mabaya na timu zilizokuwa na matokeo mabaya vilevile zikabaki na kocha wao. Zilizofukuza zilipanda. Zilizobaki na kocha nazo zilipanda. Hakuona faida ya kufukuza. Mwalimu alieleza kwa maneno ya hesabu. Mimi nikaona giza na mbalamwezi.

Sasa niseme ya timu yangu, maana siwezi kumsema mwenzangu wa Chelsea nikaficha ya kwangu. Nilianza kuipenda Manchester United wakati wa Sir Alex Ferguson, ambaye alikaa miaka 26 na nusu, na miaka ya kwanza mitatu hakushinda kombe hata moja. Alipoondoka 2013 akapewa David Moyes mkataba wa miaka sita. Alitimuliwa kabla msimu wa kwanza haujaisha. Louis van Gaal alifukuzwa siku mbili baada ya kubeba Kombe la FA. Mourinho, Solskjaer, kila mmoja na maelezo yake. Familia ya Glazer, wenye timu, imekuwepo kipindi chote hicho. Kocha amebadilika, mfumo umebadilika, mabeki wamenunuliwa na kuuzwa, hao hawajabadilika.

Jumapili ya tarehe 27 Oktoba 2024 nilikuwa kwenye ukumbi uleule, saa kumi na moja jioni, tunacheza na West Ham. Tulikosa mabao ya wazi kipindi cha kwanza mpaka nikasimama. Dakika za nyongeza West Ham wakapewa penalti, Jarrod Bowen akapiga, wakatufunga 2-1. Kesho yake kocha wetu Erik ten Hag akafukuzwa. Sikumlilia kama kocha, timu ilikuwa inacheza vibaya na nilikuwa nimeliona hilo tangu msimu uliotangulia. Kilichoniuma ni kalenda. Mei walimtafutia mbadala huku yeye bado yupo. Alipobeba Kombe la FA kwa kuifunga Manchester City 2-1, Julai wakamwongezea mkataba. Dirisha la usajili wakanunuliwa wachezaji wapya watano wa mfumo wake. Oktoba wakamfukuza. Kumwondoa yeye na wasaidizi wake kuligharimu pauni milioni 10.4. Halafu wakawalipa Sporting ya Lisbon euro milioni 11 ili Amorim aje Novemba, katikati ya msimu, na mfumo wake wa mabeki watatu ambao dunia nzima iliujua, kwenye kikosi kilichosajiliwa kwa mfumo mwingine. Dan Ashworth, mkurugenzi waliyemgombania kwa miezi kumpata, naye akaondoka baada ya miezi mitano na kulipwa pauni milioni 4.1. Msimu ukaisha tukiwa wa 15.

Na pesa ya makosa hayo ilipotafutwa, ilitafutwa wapi? Watu 250 walipoteza kazi mwaka 2024, na Februari 2025 ikatangazwa kwamba wengine kati ya 150 na 200 watafuata. Mgahawa wa wafanyakazi pale Old Trafford ukafungwa, chakula cha mchana cha bure kikaondolewa, wakaambiwa watapewa matunda. Mimi hilo nililisoma nikiwa mwaloni, nimekaa juu ya ndoo, nikalisoma mara mbili. Mpishi aliyepika chakula cha mchana cha wafanyakazi wa Manchester hakumchagua Ten Hag. Hakumwongezea mkataba. Hakuwepo kwenye kikao cha kumleta Amorim. Lakini jiko lake ndilo lililozimwa moto.

Sir Jim Ratcliffe, ambaye tangu Februari 2024 ndiye anayesimamia mambo ya mpira pale, alikiri hadharani kwamba kumbakiza Ten Hag na kumleta Ashworth yalikuwa makosa. Nampa heshima yake kwa kukiri, matajiri wachache wanafanya hivyo. Ila Januari 2026 Amorim naye akaenda na fidia yake, na tukarudi kutafuta.

Tajiri anapoweka kocha anafanya mambo matatu: anachagua mtu, anampa vifaa, anapanga muda wa kumpima. Timu ikiharibika, kitu cha kwanza kukaguliwa kiwe hayo matatu, kabla ya yule aliyesimama mstarini. Na kama kosa ni lake, gharama itoke kwake. Sisemi kocha asifukuzwe kamwe. Kuna nahodha mlevi, kuna mpishi mchafu, kuna kocha aliyepoteza chumba chote cha kubadilishia nguo, hao waende. Hata hapa kwetu, Pamba Jiji iliporudi Ligi Kuu baada ya zaidi ya miaka 20, haikufika mbali na kocha Goran Kopunović, akaja Fred Felix Minziro, na timu ikabaki ligi kuu. Nilikuwa CCM Kirumba mechi kadhaa msimu ule na nilifurahi kwa moyo wote. Lakini Pamba ni timu ya jiji, na mimi nalipa ushuru wa jiji kila siku ya soko, kwa hiyo siku kocha anapoondolewa nina haki ya kuuliza alipewa nini na aliahidiwa nini. Mashabiki wa Simba na Yanga nao wangeuliza hivyo badala ya kugombana mtaani kuhusu jina la kocha ajaye. Simba ilimfukuza Robertinho siku chache baada ya kufungwa 5-1 na Yanga Novemba 2023. Yanga ikaachana na Miguel Gamondi Novemba 2024, miezi michache tu baada ya kutwaa ubingwa naye. Mashabiki tunashangilia uwanja wa ndege kocha mpya anapotua na shada la maua, hatuulizi chochote.

Nilipomaliza, mwenye mgahawa alikuwa kimya, mechi inaendelea nyuma yake. Akaniuliza, "Kwa hiyo friza ndiyo tatizo?"

Nikamwambia, "Twende ukaione."

Alikwenda. Akashika tyubu ile, ikakatikia mkononi mwake. Yule binti alikuwa amesimama pembeni anaangalia chini. Bosi akamuuliza kama ni kweli mama wa kwanza naye alisema. Binti akasema hajui, hakuwepo. Nikasema mimi nilikuwepo, alisema. Akatikisa kichwa, akasema atamwita fundi. Hakusema lini. Hakumwambia binti pole, na hilo nilimwambia tukiwa peke yetu nje.

Nimepita Jumatatu, fundi hajaja. Nimepita leo asubuhi, hajaja, ila friza haikuzimwa usiku wa jana, nimeuliza. Mpishi wa tano bado hajaletwa. Nimebadilisha utaratibu wangu kwa sasa: samaki wa mgahawa huo nawapeleka kwenye kasha langu la barafu, na kasha namwachia binti mpaka jioni. Mengine ni juu ya mwenyewe.

Mpishi nampa tisa kwa kumi, moja nimeizuia kwa sababu chumvi ya mchuzi wa sangara huwa inazidi kidogo. Wahudumu nane. Mahali penyewe kumi. Mwenye mgahawa nampa tatu mpaka mpira wa friza ubadilishwe, na nimemwambia namba hiyo, aliisikia.

Ukitaka kula vizuri hapo wakati huu, nenda Jumanne au Alhamisi, siku ninazopeleka, kabla ya saa nane mchana. Agiza sato wa kuchemsha na ndizi, wa kukaanga mwache, maana binti wa Ukerewe amejifunza upishi ule wa mama wa Kihaya na anaupika kwa nyanya chache na pilipili manga. Omba akuonyeshe samaki kabla hajaingia chunguni, hatakasirika. Jumamosi ya mpira agiza dagaa.